Uzoefu wangu: nilikwenda kutazama sinema ya mapanki, nikapewa pole

Nianze na ile pole, maana mengine yote ningeyasamehe. Kiti kibovu, nimesamehe. Juisi ya pakiti iliyohesabiwa ndani ya kiingilio cha shilingi 10,000, nimesamehe. Kukaa karibu saa nzima tukimsubiri mtu wa projekta, hilo tumezoea. Lakini yule dada aliyenigeukia, akanigusa bega kwa vidole viwili kama anayegusa kidonda, akaniambia "pole sana mpenzi", huyo hapana. Pole ya nini? Nimefiwa?

Filamu yenyewe ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ile ya Mwanza na sangara. Wengi tunaijua kwa kelele zake kuliko kwa kuitazama. Ilifika mpaka kugombea Oscar, na mwaka huohuo wa 2006 Rais Kikwete akaisema hadharani kwamba inatuchafulia jina. Mwanza watu wakaandamana kuilaani, na sidhani kama hata mmoja kati ya kumi alikuwa ameiona. Kwetu Kirumba, hukohuko Mwanza, iliitwa tu "ile sinema ya mapanki". Basi juzijuzi hapa Dar, siku ya katikati ya wiki, rafiki yangu akaniambia kuna ukumbi unaionyesha halafu kutakuwa na mjadala. Nikasema acha niione kwa macho yangu.

Kwa asiyejua: sangara akifika kiwandani anatolewa minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Kichwa, mifupa na mkia ndiyo mapanki. Mama yangu aliyakaanga kwenye karai nje ya nyumba, mafuta yakilia, na sisi watoto tukigombea kichwa, maana kwenye mashavu ya sangara kuna nyama ambayo anayekula minofu peke yake haijui. Unafyonza mpaka mfupa unang'aa. Harufu ilikuwa inaingia mpaka kwenye sare za shule. Hayo ndiyo mapanki yangu mimi.

Ya Sauper ni mengine. Yanamwagwa, yanaanikwa kwenye vichanja, funza wanatembea humo, na mama mmoja anasimama mbele ya kamera, jicho lake moja limeharibika kwa ile gesi ya uozo. Mzee aliyekaa kushoto kwangu, naye mtu wa Mwanza (tulishajuana kwa lafudhi nilipomwamkia), akaanza kusonya. "Uongo huu! Uongo mtupu!" Nyuma yetu vijana wakamwambia anyamaze, huo ndio ukweli mchungu. Wawili watatu wakatoka nje kabisa. Filamu inadokeza kwamba ndege zinazokuja kuchukua minofu huja na silaha. Kulipofika yule Mrusi wa ndege anayesimulia alivyowahi kupeleka vifaru Angola na kurudi Ulaya na zabibu, ukumbi ukawa soko. Huku wanauliza, silaha za Mwanza ziko wapi, mbona hatujaonyeshwa hata risasi? Kule wanajibu, mnataka risiti? Kwa hilo mimi niko na mzee. Yule bwana kasema Angola. Kutoka Angola mpaka Mwanza ni mbali, na Sauper anatuachia turuke wenyewe.

Na bado nilikuwa nimekasirika upande wa mzee mpaka nilipokumbuka. Nikiwa mdogo, darasa la pili au la tatu, niliwahi kufuatana na mama mahali kama pale. Macho yaliniwasha hadi nikajifunika kwa khanga yake. Vichanja niliviona. Funza niliwaona. Mama alinunua yaliyoletwa asubuhi ileile, akapita yale mengine bila kugeuza shingo, kama unavyopita jirani uliyekosana naye. Kwa hiyo Sauper, yule Mzungu, hajatunga. Ila amepita njia ya vichanja akarudi kwa njia hiyohiyo, karai la mama yangu hakulifikia.

Hayo ndiyo niliyotaka kusema. Yote mawili. Mjadala ukafunguliwa, nikanyoosha mkono, nikapewa kipaza sauti. Nikasema, "Mimi nimezaliwa Mwanza, na mapanki tulikula sana nyumbani." Hapo ukumbi wote ukashusha pumzi, "aaah", ile ya msibani. Ndipo dada akanipa pole yake. Nikageuka kumjibu, nikasikia mzee naye upande wa pili, "Binti, wewe ndiye unayewapa cha kusema." Kabla sijajua nianze na yupi, kijana mwendesha mjadala, mwenye kofia yake ya ndani ya nyumba, akanyoosha mkono: "Asante dada, tunashukuru kwa ushuhuda. Sasa tupate maswali, siyo hadithi." Akachukua kipaza sauti. Akakichukua hivi, kutoka mkononi mwangu! Akampa bwana aliyesema kwa dakika kumi kuhusu ubeberu, asiyeweza kutofautisha sangara na sato hata umwekee wote wawili mezani.

Ushuhuda! Kwani nilikuwa kizimbani?

Ningeishia hapo na nyota moja, tena ya kuazima. Lakini kuna Eliza. Msichana anayejiuza kwa marubani, amekaa nao, anaimba wimbo wa kuipenda Tanzania, uleule tuliouimba mstarini kila asubuhi mikono ikiwa imenyooka. Anauimba kwa sauti ndogo, kama hamuimbii mtu. Baadaye filamu inakuambia ameuawa na mteja. Pale ukumbini hakuna aliyesonya wala kubishana. Mzee alivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu, miwani isiyo na vumbi. Mimi mpaka leo nikisikia wimbo ule redioni nabadilisha stesheni. Kwa hiyo siwezi kuwaambia filamu ni mbaya. Nilitaka kuwaambia hivyo, nilianza kuandika hivyo.

Itazameni, ila nyumbani, na mtu mnayeweza kugombana naye vizuri. Ukumbi ule msiende. Na kama mtaenda msiseme mmetoka Mwanza, semeni Morogoro.

Nilimpigia mama kumsimulia. Hakuuliza ndege wala silaha. Aliuliza yale mapanki kwenye vichanja yalikuwa ya kiwanda gani, maana kuna kimoja hata yeye alikuwa hanunui kwao.

Nyota mbili basi. Moja ya juisi, kwa kuwa niliimaliza. Ya pili ni ya Eliza, ukumbi usiihesabu.