Wikendi ya familia msitu wa Kakamega: lipia mwelekezi kwanza, kitanda baadaye

Kwa familia ya Kisumu inayotafuta mahali pa kulala Ijumaa na Jumamosi bila kukausha akaunti, mimi nitakuambia nenda msitu wa Kakamega. Mombasa ni mbali, Naivasha wikendi hujaa wageni wa Nairobi, na ziwa letu watoto wanaliona kila siku wakienda shule. Tulikuwa sita: mimi na mume wangu, watoto watatu (mkubwa yuko Gredi ya 7, kitinda mimba yuko PP2, darasa la awali), na mama mkwe wangu ambaye wajukuu humwita Kukhu. Tulilala katika kijiji kidogo cha mapumziko upande wa Isecheno, mabanda ya kuezekwa kwa nyasi pembeni kabisa mwa msitu. Jina lake silitaji, kwa sababu lile lililoniudhi nimeshalizungumza na meneja naye ameomba muda alirekebishe, na mengi nitakayoyasema utayakuta popote utakapofikia upande ule.

Njia ni rahisi. Kutoka Kisumu unapita Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali, na ukifika Khayega unakata kulia kuelekea Shinyalu. Hufiki Kakamega mjini. Safari nzima ni watu na mashamba, mahindi na migomba imebanana mpaka ukingoni mwa barabara. Kisha unaona ukanda wa chai, ile ya Nyayo Tea Zones, shirika lililoundwa mwaka 1986 ili chai iwe uzio kati ya wakulima na msitu. Nyuma ya chai miti inaanza ghafla, mirefu, yenye giza chini yake. Fungua madirisha ya gari hapo. Kipande cha mwisho cha kuingilia kijijini ni udongo mwekundu, na mvua ya alasiri ikishanyesha, gari dogo kama letu linateleza. Fika kabla ya saa tisa.

Banda letu lilikuwa na vyumba viwili, neti nzima zisizo na matundu, na blanketi mbili kila kitanda. Utazihitaji zote mbili. Mahali pale ni kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na usiku una baridi ambayo mtu wa Kisumu haijui. Taa ni za sola. Hakuna soketi chumbani. Simu unachajia mapokezi, na kwangu hilo halikuwa tatizo. Maji ya moto hutoka kwenye pipa linalochemshwa kwa kuni, moto unawashwa saa kumi na moja jioni, na anayechelewa kuoga anaoga baridi. Ogesha watoto kwanza. Usafi siulalamikii: choo kilioshwa kila asubuhi na shuka zilikuwa na harufu ya jua.

Kwenye chakula, mruke ukurasa wa kwanza wa menyu. Pale wameandika chipsi, soseji na pilau, vitu ambavyo hata hapa Kondele, Kisumu, vipo, na chipsi zenyewe zilikuja zimelegea. Kukhu ndiye aliyetuokoa. Alienda jikoni Ijumaa jioni akaongea na wapishi kwa Kiisukha, lugha ya huku, na kuanzia Jumamosi mchana tukala kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi na mrenda. Mimi nililelewa Nakuru na mrenda nimejifunzia ukweni, kwa hiyo niliomba kuangalia unavyopikwa. Mpishi alikuwa na magadi ya kienyeji aliyoyachuja mwenyewe: majivu ya maganda ya maharagwe kwenye kopo lililotobolewa chini, maji yanamiminwa polepole juu, na yale yanayodondoka ni ya rangi ya chai ya rangi. Kijiko kimoja tu kinatosha sufuria nzima. Mboga inalainika na kubaki kijani. Wa katikati, ambaye nyumbani mboga humshinda, aliongeza mara mbili. Agiza kabla ya saa sita mchana, kwa maana kuku anachinjwa siku hiyo hiyo na hapikiki kwa haraka.

Sasa niingie kwenye kile ambacho kwangu ndicho safari yenyewe. Kijiji hakina mwelekezi wake. Wanampigia simu mmoja wa vijana wa hapo Isecheno wanaotembeza wageni. Ada yake ni tofauti na ya chumba, na kiingilio cha msitu nacho ni tofauti. Niliona familia mbili zikiuliza bei kisha zikaamua kutembea zenyewe. Walirudi baada ya nusu saa wakisema wameona miti. Na kweli hicho ndicho utakachoona. Msitu wa mvua haukuonyeshi kitu usichojua kukitazama, wanyama wako juu kileleni na majani yanafunika kila sauti. Kijana wetu alizaliwa umbali wa kutembea kutoka pale, na ndege wote anawatambua kwa mlio kabla hajainua darubini.

Tulianza Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kabla ya hatua ya kwanza alichuchumaa mbele ya kitinda mimba, akamwingiza suruali ndani ya soksi, mguu mmoja kisha mwingine, akamwonyesha sababu: msururu wa siafu ukikata njia, upana wa vidole viwili, askari wakubwa wamesimama pembeni vichwa juu. Watoto waliruka mmoja mmoja. Mbele kidogo alitusimamisha tusikilize. Hondohondo walikuwa wanapita juu ya miti, hatukuwaona, lakini mabawa yao yalisikika kama mtu anayekung'uta gunia tupu. Baadaye tuliwaona wawili kwenye mkuyu pamoja na shorobo mkubwa wa buluu, ndege ambaye sikuamini kwamba yuko karibu nasi hivi miaka yote hii: mwili wa buluu, kishungi kichwani, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, anaruka kwa uzito halafu anatembea juu ya tawi kwa miguu.

Mbega walikuwa wengi. Mwelekezi aliwaambia watoto kwamba mbega hana kidole gumba, mkono wake una vidole vinne tu vya kushikia, na ndivyo anavyoruka toka tawi hadi tawi bila kunasa. Kitinda mimba alikunja gumba lake ndani ya kiganja akaning'inia kwenye tawi la chini kujaribu. Alifaulu kwa muda mfupi, akadai ajaribu tena kila tulipopita tawi la kimo chake. Kuna pia kima wa kawaida na yule mdogo mwenye mkia mwekundu na doa jeupe puani. Hawa wawili huchanganyika kundi moja, na mwelekezi akatueleza wanavyolindana: jicho la huyu na sikio la yule.

Kisha kuna ule mti wa mtini unaoua mwenzake. Ndege anaacha mbegu katika panda la mti mwingine, mizizi inashuka taratibu mpaka ardhini, inanenepa, inaungana, na mti wa ndani unakufa na kuoza. Kinachobaki ni nguzo yenye uwazi katikati. Watoto waliingia ndani, wakainua vichwa, wakaona anga kupitia tundu la juu. Mkubwa wangu, ambaye shuleni wamefundishwa mimea kwa michoro, aliuliza maswali mengi mpaka nikaona fahari. Mwelekezi hakuchoka naye.

Penye mti uitwao mwiritsa Kukhu alichukua usukani. Shina la mti ule lilikuwa na kovu kubwa, gome limechunwa kuzunguka karibu upande wote kwa kimo cha mtu. Mwelekezi alieleza kwamba gome hilo husafirishwa ng'ambo kutengenezwa dawa ya tezi dume, na kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa kuwa miti ilikuwa inachunwa mpaka inakauka. Kukhu akasogea akapapasa kovu. Akasema, "Sisi tulitoa upande mmoja tu, tena kipande cha kiganja, halafu tunapaka tope." Kijana akamwambia, "Asante, Mama, hilo nitawaeleza wageni wengine." Toka hapo waliongea kama shangazi na mpwa, yeye akitaja mti kwa Kiisukha, kijana akiutaja kwa Kilatini, sisi tukifuata nyuma. Njiani tulipishana na akina mama wenye vibali vya kuokota kuni zilizokauka, na Kukhu aliwasalimia mmoja baada ya mwingine. Nikuambie ukweli, mzazi mwenzangu: kama una mzee aliyekulia huku, mlete. Watoto wangu walimjua bibi wa kupika na kuomba. Hawakuwa wamemwona akiwa mwalimu.

Ijumaa usiku, baada ya chakula, tulikuwa tumeenda na tochi kutafuta poto, mnyama mdogo wa usiku wa jamii ya komba ambaye Kenya hupatikana huku magharibi. Tulitembea bila kuzungumza. Mwanga ulipogusa macho yake yaliwaka rangi ya machungwa, juu kwenye mti, naye akaendelea kusogea mkono kwa mkono kwa utulivu kana kwamba hatupo. Ilikuwa ya thamani kuliko kitu chochote nilicholipia wikendi ile, na ndiyo maana kilichofuata kiliniuma.

Jumamosi alasiri kijiji kilileta kikundi cha isukuti. Hapo wamefanya vizuri sana. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala na njuga, na wazee wa Isukha wanaocheza kwa mabega mpaka vumbi linapanda. UNESCO iliiweka isukuti mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ukiwaona vijana wawili tu kati ya wachezaji wote unaelewa kwa nini. Kikundi kilimaliza jua likizama, tukawatuza, wakaenda.

Saa mbili usiku ikaja basi la wafanyakazi wa kampuni fulani kwa ajili ya sherehe yao. Jenereta likawashwa, spika mbili kubwa zikaelekezwa upande wa miti, na muziki ukapigwa mpaka baada ya saa saba. Matembezi yetu ya pili ya usiku yalivunjika. Mwelekezi alikuja kwa heshima akasema hawezi kuchukua pesa zetu kwa usiku kama huo, kwa sababu hatutasikia kitu na hatutaona kitu. Kitinda mimba alilia mpaka akalala. Sina ugomvi na watu wanaosherehekea. Kumbi za kusherehekea zipo Kakamega mjini na Kisumu. Lakini mgeni anayetoka mjini na kulipa alale mita chache kutoka kwenye msitu wa mvua analipia huo msitu, na kijiji kinachouza msitu mchana kisha kikauzima kwa spika usiku kinaharibu bidhaa yake chenyewe. Hayo ndiyo niliyomwambia meneja Jumapili asubuhi, mbele ya mume wangu, kwa sauti ya kawaida. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema watapanga saa ya kuzima muziki iwe saa tatu na kuandikwa kwenye fomu ya kila kikundi. Alitupunguzia pia pesa za usiku huo bila sisi kuomba.

Jumapili alfajiri tulipanda kilima cha Lirhanda. Si kirefu, kitinda mimba alipanda mwenyewe na Kukhu alifika kwa mkongojo akipumzika njiani. Kileleni unaona msitu wote chini, ukungu umekaa mabondeni, na upande wa mashariki ukuta wa Nandi. Kando ya kilima kuna shimo la zamani la wachimba dhahabu, limejaa popo. Wachukue watoto wakubwa tu hapo, na waende na mwelekezi.

Gharama zetu: banda la familia lilikuwa shilingi 6,500 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa, chakula cha mchana na jioni tulilipa kadiri tulivyoagiza, na mwelekezi alitulipisha kama kundi kwa matembezi ya asubuhi. Pesa yake mpe mkononi mwake au kwenye M-Pesa yake, usiiache mapokezi. Ukipendelea upande wa kaskazini, Buyangu, hiyo ni hifadhi ya taifa chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Kiingilio kinalipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo kamilisha ukiwa bado na mtandao mzuri. Beba gambuti kwa kila mtoto, koti la mvua, tochi yenye betri mpya, na soksi ndefu. Desemba hadi Februari ndipo njia zinapokauka. Aprili na Mei, usijaribu na mtoto mdogo.

Sisi tumeweka nafasi ya Januari. Nimeomba banda la mwisho kabisa, karibu na kijito, na kabla ya kutuma amana nilimtaka meneja anitumie picha ya ile fomu ya vikundi. Ameituma, na saa tatu imeandikwa.