Ndege wa Kaskazini: Uwatazame Msimbati au Bonde la Ruvuma?

Ulaya na Siberia zikiingia baridi, huku kwetu Mtwara mvua ndiyo inaanza, na ndege wao wanahamia kwetu. Swali ni uwafuate wapi.

Mimi nachagua Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma. Nenda wakati wa bamvua, maji yakipwa hadi mbali. Sululu na vitwitwi wanatapakaa kwenye tope karibu na mikoko. Kati yao kuna wale wanaozaliana Siberia, kisha wanaruka hadi huku, na mwili wote unaenea kiganjani. Ila anayenishika moyo ni ndege mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene. Anatembea taratibu, anasimama, halafu ghafla anamdaka kaa na kumpigapiga hadi miguu inakatika. Huyu hatoki Ulaya. Hutaga ndani ya mashimo ya mchanga pwani za Uarabuni.

Bonde la Ruvuma lina uzuri wake. Mto ukifurika, majaruba ya mpunga yanajaa yangeyange, na juu mbayuwayu wa Ulaya wanawinda wadudu. Lakini njia huwa tope tupu, bodaboda inazama, na mtoni kuna mamba na viboko. Usiende bila mwenyeji, tafadhali.

Mwenye siku moja tu aende Msimbati, aulize wavuvi saa ya maji kupwa, na asisahau darubini.