Ukikwama Kuandika: Dakika 25 au Aya Moja?

Maandishi yakigoma, kuna njia mbili za kupunguza mzigo. Ya kwanza ni kupima muda: dakika 25 za kuandika, 5 za kupumzika, mtindo uliobuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980. Ya pili ni kupima kazi yenyewe: leo naandika aya inayoeleza kwa nini mhusika anahama, basi.

Muda unamfaa anayejua la kusema ila anaahirisha. Saa ikilia amemaliza, hata kama sentensi ni mbovu. Lakini aliyepotea ndani ya hoja yake atazimaliza dakika hizo akiukodolea macho ukurasa.

Hapo mimi naegemea kipande cha kazi, mradi kiwe kidogo kweli. "Kumaliza sura ya pili" ni kazi ya wiki nzima. "Kuorodhesha maswali matatu atakayouliza msomaji" kunafanyika sasa hivi, na utajua wazi umekamilisha. Bado unasita? Punguza tena: swali moja. Wengi hujilaumu kwa uvivu ilhali tatizo ni ukubwa wa walichojitwisha, na hilo hunisikitisha sana. Kabla hujainuka, andika kwa mstari mmoja kipande kitakachofuata, ili kesho usianze kwa kutafuta.