Duka la kudarizi majina ya watoto Biashara Street: nyota 4, ya tano nimeizuia

Kama kuna mtu Mombasa anayejua wazazi wa siku hizi wanawaita nini watoto wao basi si karani wa vizazi, ni yule fundi wa darizi wa Biashara Street, kile kiduka kilichobanwa katikati ya maduka ya leso, shali nyeupe zimetundikwa mlangoni. Wanakuandikia jina la mtoto kwa uzi kwenye shali, taulo, kofia, foronya, utakacho wewe. Mimi nilipeleka shali ya mtoto wa kakangu, na jina lenyewe wifi yangu kaliunda mwenyewe, nusu la baba nusu la mama, kisha likatiwa h mbili na y moja ambayo haisomeki popote ila ipo, na ole wako uisahau.

Kilichonipendeza ni kwamba fundi hashoni kitu mpaka uandike jina kwa mkono wako kwenye daftari lake, kwa herufi kubwa, halafu yeye yuwakusomea herufi moja moja kwa sauti mbele ya watu wote. Hapo ndo kwenye raha sasa. Walionitangulia walikuwa mke na mume vijana, kufika herufi ya nne wakaanza, "si tulikubaliana q?", "q ya nini na hospitali wameshaandika k!", fundi kimya, chaki mkononi, hata hacheki, akawaambia tu "dada, mkishapatana mtaniambia." Wakatoka nje kumpigia nyanya simu awaamue.

Daftari nimelichungulia wallahi, halifichwi. Kina Ayzel na Zaviyar wamejaa, Ertugrul kibao tangu watu waingie kwenye tamthilia za Kituruki, kuna Princess wa kila aina, Mwanakombo nilimuona mmoja tu peke yake kama mgeni. Lakini msinianzie hapa eti zamani watu walikuwa na majina ya maana, wazee wetu nao walikuwa wabunifu sana, Chausiku, Sikujua, Mashaka, Tabu, na Wagiriama wana Kazungu na Charo mpaka leo. Tofauti ni moja, hayo ukiyasikia unayaandika bila kuuliza. Na 2015 Obama alipokuja, huko magharibi mwa Kenya kuna mtoto akaitwa AirForceOne, jina la ndege ya rais wa Marekani, kwa hivyo tusiwacheke wenye Zaviyar wao.

Bei ni ya haki: mpaka herufi 8 ni bei moja, zikizidi kila herufi waongeza bob 50. Wengine wanalalamika, mimi hapana, ukitaka jina la kubuni lilipie uzi wake. Kule Sweden 1996 kuna wazazi walitaka mtoto wao asajiliwe kwa jina la herufi na tarakimu 43 zimefuatana, laanza Brfxx na kumalizikia 11116, eti lasomwa Albin, mahakama ikakataa. Hapa kwa fundi wetu hilo lingekuwa 1,750 juu ya bei ya kawaida na shali isingetosha. Na lile la mtoto wa Elon Musk la 2020, X Æ A-12, California wenyewe hawakuruhusu tarakimu, ikabidi 12 iwe Xii. Mashine ya hapa hiyo Æ haina, nimeuliza. Apostrofi inayo, na wateja wanaitumia kwa fujo.

Sasa nyota niliyoizuia. Ile fonti ya mwandiko wa kuungana, ambayo ndo wanakuonesha kwanza kwa sababu yavutia, herufi a mbili zikikaa pamoja zasomeka o. Ya wifi yangu ilitoka hivyo, ikabidi ifumuliwe, na vitundu vya sindano bado vyaonekana ukiishika kwenye mwanga. Chagua ile ya kawaida. La pili, nyuma ya jina kunabaki kile kitambaa kigumu kama karatasi cha kushikilia uzi, kinakwaruza, na ngozi ya mtoto mchanga waijua ilivyo, mwambie akubandikie kitambaa laini juu yake, hatozi zaidi ila usipomwambia hafanyi. La tatu, "kesho" yao isikusumbue kichwa, piga simu kwanza.

Bado nawaambia wenye watoto, piteni hapa kabla hamjaenda kusajili. Mtoto anatakiwa asajiliwe ndani ya miezi 6, na kubadilisha jina mkishaliandikisha ni kuzunguka ofisini na makaratasi, hapa kufumua ni mia mbili. Wale wa q na k walirudi nikiwa bado nasubiri, nyanya kawachagulia jina lingine kabisa, la herufi 5.

Ijumaa wanafunga mchana kwa swala, karibu na Idi ndo usijaribu kabisa, na gari iache mbali uje na tuktuk.