Kupeleka maharage Kongo kupitia bandari ya Kigoma: uzoefu wangu

Wenzangu wa soko la Kilombero hapa Arusha wananicheka. Kwao kuuza nje ni Namanga tu, mpakani na Kenya: asubuhi unapakia, jioni umeshashika hela. Sibishani nao. Lakini Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, tulikiona cha moto, na hata zuio lilipolegezwa, masharti yalibaki. Hapo ndipo nilipoanza kuulizia Ziwa Tanganyika.

Kwenye ramani Kigoma inaonekana mwisho wa dunia. Kumbe ukiwa na mzigo wa Kongo ndiyo mlangoni kabisa. Reli ya Kati ilifika pale 1914 na inaingia hadi ndani ya bandari, kwa hiyo shehena ya Dar inashuka kwenye behewa na kupanda melini. Ng'ambo kuna Kalemie, ambako reli ya Wakongo nayo inaanzia kwenda bara. Kaskazini kuna Uvira na Bujumbura, na kusini kabisa Mpulungu ya Zambia. Nchi nne, maji yale yale. Ni pale pale Kigoma ilipounganishwa meli ya Liemba, ikashushwa ziwani 1915, enzi hizo Wajerumani wakiiita Graf von Götzen.

Mzigo wangu huenda kwa lori: Babati, Singida, Nzega, Tabora, Kigoma. Cheti cha afya ya mimea nakata huku huku Arusha, TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), Ngaramtoni, kabla lori halijawasha injini. Ukisema utakikatia mbele ya safari, umejitafutia kulala na mzigo.

Gatini kazi yao naikubali. Karani anapiga mistari mitano mitano kwenye daftari kila gunia linapopita mbele yake. Kuli akija na gunia lililochanika anarudishwa, na kuna mzee wa shazia aliyekaa kando analishona palepale. Wingu likitokea upande wa Kongo, turubai linafunikwa kabla hujamaliza kupiga kelele. Sijawahi kupungukiwa magunia bandarini. Yakipungua huwa ni njiani, na hiyo ni kesi ya madereva.

Tatizo ni meli. Meli ya mizigo haina ratiba ya basi, inaondoka ikijaa. Unaweza kuambiwa kesho, ikawa keshokutwa, kisha Jumatatu, huku ghala linakuhesabia siku. Maharage yanavumilia. Unga wa sembe unapata unyevu na wadudu, na mteja wa Kalemie akifungua mfuko mmoja tu ulioshikana, bei inaanguka kwa mzigo mzima. Unga nimeacha.

Ukichoka kusubiri, wapo wa boti za mbao pale Kibirizi. Wana haraka, hawana maneno mengi, na mzigo mdogo wanauchukua bila shida. Ila mawimbi ya lile ziwa si ya kuchezea, na ukiuliza habari za bima utachekwa kuliko mimi ninavyochekwa Kilombero.

Jingine ni mawakala wa forodha. Mmoja, simtaji, aliniandikia "gharama za dharura" bila kueleza dharura gani. Siku hizi nataka mchanganuo kwa maandishi kabla, na risiti kwa kila kitu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na makao makuu ya Jumuiya yako hapa hapa mjini kwetu, lakini mteja wangu bado analalamikia tozo za upande wake kila tukipigiana simu. Bei ya kumuuzia naipanga nikijua hilo.

Kwa hiyo kama una mzigo mkavu, mtaji usio wa mkopo wa wiki, na mteja unayemwamini ng'ambo, pitisha Kigoma. Kama unategemea hela ya Jumatatu kununua mzigo wa Alhamisi, baki Namanga. Vitunguu vya Mang'ola hata usijaribu.