"Mbao haina homa": mkongo wa mbili kwa sita kutoka yadi moja ya Dar

Mkongo wenyewe niutoe lawamani mapema. Mti hauna kosa. Kosa ni la yadi iliyoniuzia, na hasa la yule msimamizi anayekaa getini na kalamu sikioni. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sufuri haipo.

Kazi ilikuwa benchi mbili na meza ya barazani, upande unaopigwa na jua la asubuhi na mvua ya kuchapa. Mbao 14 za inchi mbili kwa sita, urefu futi 10. Kwa kazi ya nje ya namna hiyo uchaguzi si mpana kama watu wanavyodhani. Mninga ni mtamu kuranda na hausumbui, ila bei yake sasa ni ya kabati la sebuleni, si ya benchi la kumwagiwa chai. Msaji wa Longuza au Mtibwa ni mzuri, lakini unaofika madukani mwingi ni mchanga, na msaji mchanga una weupe mwingi, ile sehemu ya pembeni ya gogo, kuliko kiini. Mvule una tabia ya kuficha jiwe: chokaa iliyoganda ndani ya mti, ngumu kiasi cha kung'oa meno ya msumeno, na huioni mpaka uifikie. Mpingo sahau. Unazama majini na hupati kipande kirefu kilichonyooka. Unabaki mkongo, ambao watu wa pwani wanauita mbambakofi, uleule wa milango mingi ya zamani ya Unguja na Lamu ambayo mpaka leo inafungwa na kufunguliwa. Ukikauka una kilo 800 na kitu kwa mita ya ujazo, mchwa hawaupendi, na upana wake hupungua kidogo sana kwa mti wenye uzito huo. Mradi uukaushe. Hapo ndipo tulipokosana.

Niliuliza swali moja tu: zimekauka? "Kavu hizo bosi, zina mwaka mzima hapa." Nikatoa kipimo cha unyevu, kile cha sindano mbili, nikakichomeka. Yule bwana akaangua kicheko. "Mzee, unaipima mbao homa? Mbao haina homa!" Wapakizi wote wakacheka. Kipimo kilisoma 26.

Kwa asiyejua: hapa pwani mbao iliyotulia nje kivulini husimama kwenye asilimia 14 hadi 16 hivi, kwa sababu hewa yetu yenyewe ina maji. Mbao ya asilimia 26 bado ni mbichi. Ukiikata ukaiunga leo, itaendelea kupungua ikiwa tayari ni benchi. Kwenye upana wa milimita 140 mkongo utapoteza kama milimita 2 kabla haujatulia. Zinaonekana chache, lakini milimita 2 ndizo zinazolegeza ulimi, ile ncha iliyochongwa iingie kwenye ubao mwingine, ndani ya tundu lake na kufungua kiungo mahali ambapo maji ya mvua yatakaa.

Na "mwaka mzima" inaweza hata kuwa kweli! Zilikuwa zimelazwa moja juu ya nyingine, ubapa kwa ubapa, bila kijiti katikati, chini ya bati lililoshuka mpaka karibu na ardhi. Hewa ipite wapi? Mbao iliyorundikwa hivyo hukauka ngozi tu. Ndiyo maana sindano zikichomekwa juu zinaweza kusoma namba nzuri ya uongo. Ukate kwanza, upime kwenye jeraha bichi, angalau futi moja kutoka ncha. Nilikata kipande cha unene wa milimita 25, nikakipima kwenye mizani ya jikoni: gramu 149. Kikakaa kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito ukaacha kushuka: gramu 118. Toa, zimebaki 31. Gawanya kwa 118, zidisha kwa 100. Ishirini na sita. Homa ilikuwepo.

Sikukasirishwa na namba. Kuuza mbao mbichi si dhambi. Niambie ni mbichi, nishushie bei, nitaikausha mwenyewe. Kilichoniudhi ni kuuziwa ubichi kwa bei ya ukavu na kutukanwa juu yake.

Basi hasira ikanifungua macho nikaanza kupima kila kitu. Mbili kwa sita zao ni milimita 45 kwa 140. Futi 10 zao ni futi 9 na inchi 8. Zimepasuliwa kwa chenso, kwa hiyo ncha moja ni nene na nyingine nyembamba. Ukishazinyoosha unabaki na milimita 38, ukibahatika. Mbao 3 kati ya 14 zilikuwa na ukingo uliopakwa oili chafu. "Dawa ya mchwa," wakasema. Kwangua kwa kisu uone: chini yake ni ile sehemu nyeupe ya pembeni, iliyokuwa chini ya gome. Kiini cha mkongo ni chekundu kahawia na hakiliwi kirahisi; ule weupe unabunguliwa kama mahindi. Siku utakayoona unga laini chini ya benchi, ni huo weupe umeondoka. Miti minene imekuwa adimu, na gogo jembamba linatoa weupe mwingi kwa kila ubao. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, malori ya kutoka Rufiji, Kilwa na Liwale hayajalala. Hilo silaumu yadi. Nalaumu oili.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? "Mtandao uko chini." Kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, ile TP ya TFS, wakala wa misitu? Akaniangalia kama nimemuuliza umri wa mama yake. Iombeni karatasi hiyo, jamani. Ukikutwa barabarani na mkongo bila karatasi, atakayeeleza ni wewe na dereva wa Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, si yeye na kalamu yake.

Hata hivyo nilizichukua. Nilirudisha zile 3 za oili wakanibadilishia 2, kwa kununa.

Kuzikausha kulichukua kama miezi saba, na hii sehemu watu huiharakisha wakajuta. Siku ya kwanza kabisa paka rangi ya mafuta nzito kwenye ncha zote mbili, mikono miwili, yaani mara mbili. Maji hutoka nchani kwa kasi kuliko ubavuni, na ncha inayokauka peke yake inapasuka. Mimi nilichelewa siku nne kwa mbao mbili na zote zikafunguka ufa wa urefu wa kiganja. Weka matofali yainue rundo sentimita 40 kutoka ardhini, panga vijiti vya inchi moja kwa inchi moja kila sentimita 50, na kijiti cha juu kikae sawasawa juu ya cha chini. Kikienda kando, uzito unaukunja ubao katikati na utakaukia hapohapo umepinda. Vijiti viwe vikavu. Kijiti kibichi huacha alama. Bati juu, pembeni wazi, jua lisiguse, mawe mazito juu kabisa. Mbao za chini ndizo zinazotulia bila kujikunja, kwa hiyo weka zile unazozipenda chini.

Usipokuwa na kipimo, tumia mizani. Chagua ubao mmoja, uutie alama, uupime kila mwezi. Wangu ulianza kilo 17 na nusu, ukashuka, ukashuka, kisha miezi miwili ya mwisho ukakwama kwenye 16 na kidogo. Ukikwama hivyo nje ya msimu wa mvua, kazi ianze.

Sasa hapa inabidi niwe mkweli, hata kama inaniharibia hasira. Mbao 11 kati ya 13 zilitoka kwenye rundo zimenyooka kama rula, hazikujipinda wala kujisokota. Wauzaji wa ovyo, mti wa ajabu. Na kwa kuwa mashine pana ya kuranda niliyoijua ni ya kwao, nilirudi palepale, nimejiandaa kwa vita.

Kijana wa mashine alinivua silaha. Aliupapasa ubao kwanza kwa kiganja, mbele na nyuma, kama anayesoma. Akasema, "Nyuzi zake zinapishana huu, kaka. Nikiula kwa pupa utang'oka nyama." Akazima mashine, akafungua visu, akaweka vilivyonolewa, mbele yangu, bila kuombwa. Akapitisha milimita moja kwa kila mkupuo, polepole. Mkongo huua makali haraka. Baada ya mbao ya sita mlio ukabadilika ukawa wa kukwaruza, akasimama akabadili tena. Kisu butu hakirandi, kinaponda nyuzi na kuchoma uso, na uso uliochomwa haunywi mafuta. Alama chache zilizobaki aliniambia nizimalize kwa kipande cha kioo kilichovunjika, nikikwangua kwa pembe. Fundi kabisa. Na akanifunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la mkongo linapigisha chafya mpaka machozi. Wakati huo nilikuwa tayari kuandika nyota nne.

Kuunga nje: usitegemee gundi nyeupe ya maji. Nilitumia epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, baada ya kufuta ulimi na tundu kwa asetoni dakika chache kabla, kisha nikapiga kigingi cha mkongo huohuo. Tundu la kigingi kwenye ulimi nililisogeza milimita 1 na nusu kuelekea begani, pale ulimi unapoanzia, ili kigingi kikiingia kivute kiungo kijikaze chenyewe. Epoksi ikishindwa baada ya miaka, kigingi kitabaki. Mbao za juu ya meza ziachie nafasi ya milimita 6. Maji yapite, na ubao upate pa kuvimba wakati wa masika.

Skrubu ni za chuma kisichoshika kutu tu, na kama unasikia bahari ukiwa barazani, daraja la 316, lile la kuvumilia chumvi. Ya kawaida itapata kutu na kuuacha mkongo na doa jeusi lisilotoka. Toboa kwanza: kwa skrubu ya milimita 5 tumia biti ya 3.5 hadi 4. Chuma hicho ni laini na mkongo ni mgumu, kichwa kitakatika huku umeshika bisibisi. Ingiza kwanza skrubu ya kawaida ya saizi ileile iliyopakwa nta ya mshumaa, itoe, kisha weka ile isiyoshika kutu. Nilikata vichwa viwili kabla ya kukubali ushauri huu.

Vanishi usipake. Inang'aa msimu mmoja, halafu jua linaipasua, maji yanaingia chini yake na inabanduka kama ngozi ya kuungua. Paka mafuta ya linsidi, ya mbegu za kitani, yale yanayouzwa kwa jina la "boiled" (usiyachemshe mwenyewe), membamba, mikono mitatu, futa yanayobaki juu baada ya dakika 20, na urudie kila miezi sita. Vitambaa ulivyotumia vianike vikiwa vimetandazwa. Vikikunjwa pamoja vinaweza kuwaka moto vyenyewe.

Benchi zikawa nzuri. Nzuri mno. Zina uzito wa kutohamishwa na mtu mmoja na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nyota nne na nusu, nikawaza.

Halafu mvua ya kwanza ikanyesha, mito ya benchi ikageuka njano chini. Mkongo una rangi ya njano ndani ya vitundu vyake vidogo, ukilowa inatoka na kuingia kwenye kitambaa, na kwenye kitambaa cheupe haifuliki. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kupaka mafuta, mwagia benchi maji na uliache likauke, rudia mara tano au sita mpaka maji yanayochuruzika yawe meupe. Kama huna haraka, liache linyeshewe mwezi mzima bila mito. Kila anayeuza mkongo anapaswa kulijua hili. Nilipopita kuchukua mabaki yangu nikamuuliza yule wa getini kwa nini hakunitahadharisha. Hakuinua hata macho kwenye daftari.

"Mzee wa homa! Sasa imekuwa manjano?"

Mbao nitanunua hapohapo tena, kwa sababu mkongo mnene kama ule sijauona kwingine na kijana wa mashine bado yupo. Nitakwenda na futi yangu, kisu cha kukwangulia oili na kipimo changu, na safari hii nitakichomeka mbele ya wateja wote. Nyota tatu. Hapana, mbili: moja ya mti, moja ya kijana. Yule mwingine apimwe.