Kuhamia Django: nywila mpya kwa wote, au za zamani zihame nazo?

Chukua mfumo wa kukatia tiketi za basi hapa Tanga, ulioandikwa kwa PHP tupu, sasa unahamia Django, kiunzi cha Python cha kujengea tovuti. Nywila zimehifadhiwa kwa MD5, njia ya zamani na dhaifu ya kugeuza nywila kuwa heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaowekwa badala ya nywila yenyewe. Safari na nauli huhama bila shida; kazi iko kwenye akaunti.

Njia ya kwanza: futa nywila zote, kila mteja aweke mpya kwa SMS. Ni safi, MD5 inazikwa siku hiyohiyo. Lakini abiria wangapi wa Ngamiani bado wana laini ile waliyojisajilia? Simu za ofisi zitaita kutwa.

Njia ya pili: hamisha heshi kama zilivyo. Heshi hairudishwi kuwa nywila, ila Django ina PASSWORD_HASHERS, orodha ya njia za heshi inazozikubali. Ongeza humo kipande chako cha kutambua MD5, chini ya PBKDF2, njia imara zaidi ambayo Django huitumia kwa kawaida. Mteja akiingia kwa nywila yake ya zamani, inahifadhiwa upya kwa PBKDF2 bila yeye kujua. Asiyeingia anabaki na MD5, na hilo ni baya. Bora heshi zote zifunikwe kwa PBKDF2 siku ya kuhama, yaani heshi ya MD5 yenyewe ipitishwe kwenye PBKDF2.

Mimi naichukua ya pili. Data ikiwa imewahi kuvuja, basi ya kwanza, simu na ziite.